Mji Wenye Saa Mbili

Kuna kosa ambalo ukiishi Tunduma utalifanya walau mara moja, nami nililifanya Jumapili moja. Jumamosi usiku niliweka simu kwenye chaji dirishani, upande unaotazama Nakonde, nikatega kengele iniamshe saa kumi na mbili kamili. Ibada ya kwanza kanisani kwetu huanza saa moja, na nilikuwa nimepangiwa kusoma somo la Injili. Kengele ikalia. Nikaoga, nikapiga pasi shati, nikanywa chai kwa utulivu wa mtu aliyewahi, kisha nikashuka polepole kupitia Sogea huku nikilipitia somo moyoni. Nilipofika mlangoni kwaya ilikuwa inaimba wimbo wa sadaka. Nikadhani wanafanya mazoezi.

Mzee wa zamu alinitazama, akatazama saa yake ya mkononi, akaninong'oneza: "Karibu, baba. Leo umekuja na wale wa saa kumi na moja." Utani huo ulikuwa na makali pande zote mbili. Somo nililopangiwa, ambalo kijana mmoja alikwisha kulisoma badala yangu, lilikuwa Mathayo 20: mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri vibarua tangu alfajiri hadi jua linakaribia kuzama, akawalipa wote sawasawa.

Jumatatu nikaipeleka simu kwa fundi, nikamwambia imeharibika. Hakugusa hata kifuniko.

"Shikamoo, mzee. Hii haina ugonjwa. Umeiacha otomatiki. Usiku imekamata mnara wa ng'ambo, ikarudi nyuma saa moja."

"Marahaba. Sasa inakamataje mnara wa ng'ambo wakati mimi nimelala Tanzania?"

"Simu haijui mpaka, mzee. Inafuata mnara wenye nguvu."

Hakunitoza hata senti. Lakini maneno hayo nimekuwa nikiyalipia tangu siku ile, kwa kuyafikiria.

Kwa msomaji asiyepafahamu kwetu: Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia ni miji miwili kwenye ramani na mji mmoja kwa miguu. Wanyamwanga wako huku na huko. Mtu anaweza kuoa huku, akazika kule, akauza mahindi pande zote mbili kabla ya chakula cha mchana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita katikati ya maisha yetu ikiwa na malori ya shaba na mafuta, na hapa hapa inachipuka ile ya Sumbawanga. Tangu Oktoba 2019, rais Magufuli na rais Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha forodha, dereva anasimama mara moja badala ya mara mbili. Kilichobaki mara mbili ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja kamili. Ofisa wa huku na ofisa wa kule wanaweza kukaa chini ya paa moja, mmoja anakaribia chakula cha mchana na mwenzake bado ana asubuhi ndefu mbele yake.

Juu ya hilo kuna lugha. Mteja wangu wa maharage kutoka Nakonde akiniambia atafika "naini koloko", inanibidi nifanye hesabu mbili. Kwanza naihamisha tisa ya Kiingereza kwenye tatu ya Kiswahili, maana sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Kisha naongeza moja ya mpaka. Jibu ni saa nne. Tisa kwake, nne kwangu, na jua ni moja juu ya vichwa vyetu. Nimewahi kumsubiri asubuhi nzima, na nimewahi kumkuta amekwisha kukata tamaa na kuondoka. Hakuna kati yetu aliyekuwa mwongo.

Kwa sababu ya utani wa yule mzee wa zamu nilirudi kwenye Biblia nikazitafuta saa zake. Nikagundua neema ambayo nimeishi nayo miaka yote bila kushukuru. Msomaji wa Kiingereza akifika Mathayo 20 anahitaji maelezo pembeni ya ukurasa, kwamba saa ya kumi na moja ya Wayahudi haikuwa usiku wa manane unaokaribia, ilikuwa jioni. Sisi hatuelezwi kitu. Tunajua saa kumi na moja ni wakati gani: ni pale kibarua anapoanza kuosha jembe. Marko anaposema Bwana alisulubiwa saa tatu, na giza likaingia saa sita hadi saa tisa, bibi yangu asiyejua kusoma angekuonyesha kwa kidole mahali jua lilipokuwa. Yule mwanamke Msamaria alikuja kisimani saa sita. Nani hapa hajui jua la saa sita, na nani haelewi kwamba achotaye maji wakati huo anakwepa macho ya wenzake? Petro anapowatetea wenzake siku ya Pentekoste kwamba hawajalewa kwa kuwa ndiyo kwanza saa tatu, tunacheka mahali panapostahili kicheko. Saa ya Maandiko na saa ya Kiswahili zilizaliwa na mama mmoja, naye ni jua.

Lakini tazama tunachofanya kila siku. Simu inaandika 09:00, macho yanasoma tisa, mdomo unasema saa tatu. Kutwa nzima tunatafsiri bila kujijua. Hilo halinisikitishi. Linanikumbusha kwamba Mswahili hakukubali chombo kimfundishe kuhesabu siku yake. Alikipokea, akakitumia, akaendelea kusema saa tatu. Kuna hekima ya kale katika ukaidi huo mdogo, nami natamani tungekuwa nao katika mambo makubwa.

Nisije nikajisifu kupita kiasi, jua lenyewe lina ushahidi dhidi yangu. Saa ya Tanzania imepimwa kwa mstari wa longitudo ya 45, unaopita Madagaska na wala haugusi hata shamba moja la nchi yetu. Saa ya Zambia imepimwa kwa mstari wa 30. Tunduma iko karibu na 33. Maana yake, kwa wastani wa mwaka, jua linafika katikati ya anga letu kama dakika kumi kabla ya saa saba kwa saa ya Tanzania, na kama dakika kumi kabla ya saa sita kwa saa ya Zambia. Ukiliuliza jua, simu yangu ilikuwa karibu na ukweli usiku ule kuliko saa ya kanisa.

Hapo nilikaa muda mrefu. Kama saa yetu haifuati jua la Tunduma, inafuata nini? Inafuata watu. Tumekubaliana na Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara kwamba tutasema saa moja kwa pamoja, ili treni ya reli ya TAZARA, reli iliyokabidhiwa mwaka 1976, ijulikane inafika lini baada ya kupita nchi yote, ili benki ifunguke, ili wanafunzi wa Momba na wa Bagamoyo waanze mtihani pamoja. Saa ya nchi ni makubaliano, na neno la zamani la makubaliano yasiyovunjwa ovyo ni agano. Siitunzi kwa sababu mbingu za mkoa wetu wa Songwe zinaithibitisha. Naitunza kwa sababu kuna watu wananisubiri.

Nadhani imani yangu iko hivyo hivyo. Vijana huniuliza, mzee, unajuaje kwamba hili Neno ndilo la kufuata na si lile lingine linalosikika kwa nguvu zaidi? Zamani ningewapa hoja kumi. Siku hizi naanza na agano: kuna aliyeahidi kwanza, nami nikajibu ndiyo nilipopata kipaimara, na kuna watu walioahidi pamoja nami. Hoja zinakuja baadaye, na ni nzuri, lakini hazikunitangulia kanisani.

Sasa turudi kwenye mnara. Kiswahili kimetufanyia jambo la ajabu: mnara wa Babeli na mnara wa simu ni neno moja. Wahubiri wetu wameshalichezea sana, na wengi wamelichezea vibaya, kana kwamba chuma kile chenye rangi nyekundu na nyeupe kilimani ni dhambi yenyewe. Sikubaliani nao. Ukisoma Mwanzo 11 taratibu, utaona kosa halikuwa matofali. Walitaka kujifanyia jina, na waliogopa kutawanyika. Matofali yale yale yangeweza kujenga zizi au kisima. Na dawa ya Babeli, katika Matendo 2, haikuwa watu kurudishwa kwenye lugha moja. Kila mtu alisikia kwa lugha yake. Ningependa kuamini kwamba kama Pentekoste ingefanyika Tunduma, Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, Kibemba na Kiswahili vingesikika, na mmoja angesema ni saa tatu na mwingine naini koloko, na wote wangekuwa sahihi.

Tena wanaolaani simu kanisani huku wameshika Biblia ya karatasi wasahau kidogo hasira yao, wakumbuke karatasi ilivyofika. Mmisionari Traugott Bachmann wa Kanisa la Moravian alianzisha kituo cha Mbozi, mkoani kwetu, mwaka 1899. Alijifunza Kinyiha kwa Wanyiha wenyewe, na mwaka 1913 Agano Jipya la Kinyiha likatoka kwenye mashine ya kupigia chapa. Ile mashine ilikuwa teknolojia ya kushangaza kama programu ya Biblia iliyomo kwenye simu ya binti yangu. Mzee wa Kinyiha aliyezoea neno litoke kinywani mwa mtu anayemwona usoni, alipoona neno limelala juu ya karatasi, kimya, halina mwenyewe, bila shaka naye alikuwa na maswali yake. Neno limepita kwenye ngozi, karatasi, redio na kioo, wala halikuchuja. Swali langu ni kwetu sisi tunaolipokea: tumejiacha otomatiki?

Kuna kisa cha ardhi hii ambacho hunirudia kila ninaposikia watu wakisifu kasi ya habari. Novemba 2, 1918, kikosi cha Wajerumani cha Paul von Lettow-Vorbeck, ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika, kilishambulia boma la Waingereza la Fife, ng'ambo tu ya mpaka, si mbali na ilipo Nakonde leo. Kikashindwa kuliteka, kikaendelea kusini kuelekea Kasama, kikiburuza wapagazi waliokwisha kuchoka na kuugua. Novemba 11 vita vikamalizika Ulaya. Huku hakuna aliyejua. Habari zilimfikia jenerali huyo Novemba 13, karibu na mto Chambeshi, na silaha zikasalimishwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25. Kwa siku mbili watu walibeba mizigo ya vita ambavyo havikuwepo tena. Amani ilikuwa imetiwa saini, ila saa yao ilikuwa bado ya vita.

Sijui mfano bora wa Injili kuliko huo. Paulo anauliza katika Warumi 10 watu watasikiaje pasipo wa kuwahubiri, na Isaya anazisifu nyayo za mjumbe anayevuka milima na habari ya amani. Kazi ya mhubiri ni ya yule mwenye ujumbe wa Chambeshi: kumwambia mpagazi autue mzigo, kwa kuwa jambo limekwisha mbali na hapa, kabla yeye hajajua.

Laiti kuchelewa kungekuwa tatizo la waya tu. Aprili 2013 mji wetu huu, wenye minara tayari na simu kila mfukoni, uliingia katika ghasia. Ugomvi ulikuwa nani mwenye haki ya kuchinja, Mwislamu au Mkristo, na nyama ya nani iuzwe buchani. Polisi walitumia mabomu ya machozi. Sura ya nane ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambamo Paulo anasema ni heri asile nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu yake, ilikuwa ndani ya Biblia zetu siku ile, makabatini na kwenye simu. Haikuchelewa hata dakika moja; ilikuwa imefika miaka mia moja kabla, kwa Kinyiha na kwa Kiswahili. Mwaka 1918 amani ilichelewa kwa sababu hapakuwa na njia ya kuileta. Mwaka 2013 ilikuwa nyumbani, ila mnara wa hasira ulikuwa karibu zaidi.

Ndiyo maana maneno ya yule fundi hayaniachi. Inafuata mnara wenye nguvu. Kundi la WhatsApp la ukoo lina nguvu asubuhi kuliko Zaburi, kwa sababu linatikisa simu na Zaburi haitikisi kitu. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi, unaotaja tarehe ya mwisho wa dunia, una nguvu kuliko Mathayo 24, ambapo Bwana mwenyewe anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Waletaji wa tarehe hizo ningewapeleka Ndolezi, wakakae mbele ya kimondo cha Mbozi, kile chuma cha tani zaidi ya kumi kilichotoka angani. Hakuna masimulizi ya wazee wanaokumbuka kilivyoanguka. Kitu kizito namna ile kilishuka kutoka juu, na hakuna aliyeandika siku wala saa.

Hata wema tunaweza kuuacha otomatiki. Siku hizi sadaka inakwenda kwa lipa namba. Ni jambo jema, mama aliye sokoni hakosi baraka ya kutoa, na mweka hazina halali na kapu la noti chini ya kitanda. Lakini nimejikuta nikibonyeza namba ya siri ya sadaka kwa uso ule ule ninaonunulia umeme. Yule mjane aliyetia sarafu mbili hekaluni alitazamwa, na aliyemtazama alikuwa Kristo. Simu hainitazami. Basi nimejiwekea desturi: baada ya kubonyeza, natulia kidogo, nasema kwa sauti nimempa nani na kwa nini. Mke wangu alicheka wiki ya kwanza. Sasa anangoja niseme.

Nikiwa katika mawazo hayo nilimkumbuka mfalme Hezekia. Alipokuwa mgonjwa wa kufa, akaomba akilia, kivuli kilirudi nyuma madaraja kumi, akaongezewa miaka kumi na mitano. Simu yangu ilirudi nyuma saa nzima usiku ule, na kwa kurudi huko sikuongezewa hata dakika. Kurudisha saa si muujiza. Muujiza ulikuwa kwamba kuna aliyesikia kilio, na kivuli kilikuwa ishara tu. Vyombo vyetu vimejifunza kutoa ishara nyingi sana. Kumsikia anayelia bado ni kazi yetu.

Basi nilifanya nini na simu? Fundi alinionyesha. Unaingia kwenye mipangilio, unazima otomatiki, unachagua mwenyewe saa ya nchi na mtandao wako. Ni kazi ya dakika moja. Hasara yake ni kwamba nikivuka kwenda Nakonde lazima nikumbuke mwenyewe kwamba wenzangu wana saa nyingine, maana simu haitanisaidia tena. Hasara hiyo nimeipenda. Kwa miaka mingi mashine ilinipa saa ya jirani bila mimi kumfikiria jirani. Sasa kabla ya kumpigia yule mteja wa maharage lazima nijiulize: kwake ni saa ngapi? Ameamka? Amekula? Sijaona tafsiri nyepesi zaidi ya amri ya pili iliyo kuu.

Kuhusu kuyaweka Maandiko kwa mkono, kama nilivyoiweka saa, desturi yangu ni ya kizamani na sina aibu nayo. Kabla simu haijawashwa, sura moja. Hata kama ni fupi, hata kama ni orodha ya majina ya wana wa nani sijui. Kisha simu na iwake, na habari za dunia na ziingie. Zitakuta nyumba ina mwenyewe. Siku nikigeuza utaratibu huo, najijua kabla ya saa nne: naongea kama kundi la mwisho nililolisoma.

Kanisani nako nilipewa adhabu ya kindugu. Kwa kuwa niliaibika mbele ya watu, baba mchungaji alinikabidhi ubao wa matangazo kwa robo mwaka. Tuna washirika wanaotoka ng'ambo, wengine ni ndugu wa damu, na kwa miaka mingi tuliwaandikia saa yetu tu, kisha tukanung'unika kwamba hawajali wakati. Sasa naandika kwa chaki, kwa mkono: ibada ya kwanza, saa moja asubuhi ya Tanzania, na chini yake, kwa ndugu zetu wa Nakonde, siksi koloko. Jumapili iliyopita wote waliwahi, na somo nililisoma mimi.